C.c. Machakos: nakala zilizoponyoka moto

Chini ya saini ya barua nyingi za serikali ya kikoloni kuna herufi mbili, c.c., na baada yake orodha ya wakubwa: Mkuu wa Jimbo, Mkuu wa Wilaya Machakos, Ofisa wa Mifugo. Wapo wanaosema ni kifupi cha jina la Kiingereza la nakala ya kaboni. Wengine hushikilia kwamba herufi imerudiwa ili kuonyesha wingi, jinsi pp. inavyosimama mahali pa kurasa. Binafsi naegemea hao wa pili, ingawa kwa karani ilikuwa mamoja: kila cheo kilichofuata herufi hizo kilidai karatasi yake.

Machakos iliandikiana barua na dunia kabla Nairobi haijazaliwa. Kampuni ya Imperial British East Africa ilijenga kituo hapo 1889, na John Ainsworth akakisimamia tangu 1892. Makao ya utawala yalihamia Nairobi 1899. Enzi hizo nakala zilipatikana kwa kukandamiza: barua yenye wino ililazwa chini ya karatasi nyepesi iliyoloweshwa, ikabanwa, maandishi yakahamia. Njia hiyo ni ya James Watt, wa 1780. Taipureta ilipoenea, karani alipachika kaboni kati ya karatasi na kugonga kwa nguvu. Aliyeandikwa mwisho kwenye orodha mara nyingi alipata nakala iliyofifia, na cheo chake akakijua hapo hapo.

Mwaka 1938 faili za Machakos zilinenepa. Serikali iliwalazimisha Wakamba kupunguza ng'ombe, ikidai wanamaliza udongo, huku kiwanda cha nyama cha Liebig kikihitaji mifugo pale Athi River. Muindi Mbingu na wenzake wa Ukamba Members Association wakakataa. Mwezi Julai umati wa wanaume, wanawake na watoto ulitembea hadi Nairobi ukapiga kambi kumtaka gavana. Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu, lakini uuzaji wa lazima ukaachwa mwaka huo huo.

Mwaka uliofuata, 1939, Sekretarieti ya Nairobi iliungua. Kumbukumbu nyingi za makao makuu zikateketea. Hapo ndipo c.c. ilipolipa, kwa sababu yale yaliyoandikwa kwenda juu yalikuwa yameacha nakala chini, katika ofisi za wilaya na majimbo. Leo Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, iliyoundwa kwa sheria ya 1965, inazitunza za Machakos kwa alama ya DC/MKS. Baadhi ya nyaraka za wilaya zilipigwa picha za filamu miaka ya 1960 na kupelekwa Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, hivyo nakala ikapata nakala. Ni sauti ya bwana shauri, tusisahau. Mwenye ng'ombe humo hutajwa zaidi kuliko anavyosema.

Kuna faili ambazo hazikutakiwa ziwe na c.c. mikononi mwa Waafrika. Uhuru ulipokaribia, wakoloni walichambua makabati: nyingine zikachomwa, nyingine zikasafirishwa Uingereza. Mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau, serikali ya London ilikiri kuwa na faili zipatazo 1,500 za Kenya huko Hanslope Park. Maagizo ya kuziondoa yaliruhusu hata faili bandia ziwekwe mahali pake, ili pengo lisionekane.