Kifafa kisichokatika: kutoka Paris hadi Kilifi

Msikilizaji, mtu anapoanguka kifafa, mara nyingi mshtuko huisha wenyewe. Viungo hukakamaa, mwili hutukutika, povu humtoka, na baada ya dakika moja au mbili mwili hulegea na usingizi mzito humchukua. Lakini iko hali nyingine, ambayo mshtuko haukatiki, au hukatika na kurudi tena kabla mgonjwa hajapata fahamu. Hali hiyo huweza kuua, na anayenusurika huweza kubaki na kilema cha mwili au cha akili.

Makala yetu ya leo inafuatilia historia ya kifafa hicho kisichokatika, na swali ambalo matabibu wamelikabili kwa karne mbili: mgonjwa aliyefikishwa hospitalini katika hali hiyo hupatwa na nini, na ni nini kinachoamua?

Jina lililotoka kwa wagonjwa

Hali yenyewe ni ya kale. Waganga wa Babeli, yapata miaka elfu tatu iliyopita, waliandika katika vibao vya udongo kwamba mshtuko unaorudi mara nyingi kwa mfululizo ni dalili ya hatari. Hata hivyo, jina lake la kitabibu lilizaliwa Paris. Mwaka 1824 daktari kijana, Louis-Florentin Calmeil, aliandika katika tasnifu yake juu ya wagonjwa waliopatwa na mishtuko kwa makumi, mmoja baada ya mwingine, bila kupumzika. Alieleza kwamba wagonjwa wenyewe, katika mazungumzo yao, waliiita hali hiyo "état de mal", yaani hali ya ugonjwa. Baada ya miongo minne jina hilo lilitafsiriwa kwa Kilatini katika vitabu vya Kiingereza, nalo ndilo linalotumika hadi leo duniani kote.

Mfaransa mwingine, Désiré Bourneville wa hospitali ya Salpêtrière, alitoa maelezo ya kina zaidi kuanzia mwaka 1869. Alipima joto la wagonjwa na kuona likipanda kadiri mishtuko ilivyoendelea. Lakini hakuwa na dawa ya kutegemewa ya kuikatiza. Bromidi, iliyotajwa kwa mara ya kwanza mwaka 1857 na Charles Locock wa London, iliweza kupunguza kifafa cha kawaida, si kuzima moto uliokwisha kuwaka. Mwaka 1912 Mjerumani Alfred Hauptmann aligundua kwamba fenobarbitoni, dawa ya usingizi, huzuia kifafa. Mwaka 1938 Wamarekani Houston Merritt na Tracy Putnam walitangaza fenitoini. Katika miaka ya 1960 ikafika daiazepamu, ambayo ikipitishwa mshipani huweza kukatiza mshtuko kwa dakika chache. Henri Gastaut wa Marseille alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia kwa kazi hiyo.

Dakika ngapi?

Dawa zilipopatikana, swali likawa ni la saa. Daktari asubiri kwa muda gani kabla ya kusema kwamba mshtuko huu hautaisha wenyewe?

Mwaka 1973 Brian Meldrum na wenzake huko London walichapisha matokeo ya majaribio yao kwa nyani. Mishtuko iliyoendelea kwa zaidi ya saa moja iliacha seli za ubongo zimekufa. Hata nyani ambao misuli yao ililegezwa kwa dawa na wakapumuliwa kwa mashine waliharibika ubongo. Maana yake ilikuwa wazi: kinachoua seli si ukosefu wa hewa na uchovu wa mwili peke yake, bali pia ubongo wenyewe kufanya kazi kupita uwezo wake.

Kwa muda mrefu mpaka uliotumika ulikuwa dakika 30. Lakini kusubiri nusu saa ni kusubiri hasara ije. Mwaka 1999 wataalamu wa Marekani, wakiongozwa na Daniel Lowenstein, walipendekeza mpaka wa dakika tano kwa mtu mzima. Mwaka 2015 Shirikisho la Kimataifa la Kupambana na Kifafa likaiweka mipaka yote miwili pamoja: kwa mshtuko wa mwili mzima, dakika ya tano ndio wakati wa kuanza tiba, na dakika ya thelathini ndio wakati ambapo madhara ya kudumu yanaweza kuwa yameanza.

Watoto wa London na watoto wa Kilifi

Je, wagonjwa wenyewe huishia wapi? Katika mji wa Richmond, Marekani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya waliopatwa na hali hii walifariki dunia. Umri ulileta tofauti kubwa: miongoni mwa watoto walikufa asilimia 3, na miongoni mwa wazee asilimia 38. Mwaka 2006 watafiti wa kaskazini mwa London nao walikuta kwamba watoto waliokufa ni asilimia 3.

Sasa tugeukie pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 2008 zilichapishwa takwimu za watoto waliolazwa katika hospitali ya wilaya ya Kilifi, Kenya, ambako Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, imekuwa na kituo tangu mwaka 1989. Kati ya matukio 388, asilimia 15 ya watoto walifia hospitalini. Wengine, asilimia 21, walifariki katika kipindi cha ufuatiliaji baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Asilimia 12 walibaki na madhara ya ubongo.

Vipimo vya chunguzi hizi havilingani moja kwa moja, lakini pengo ni kubwa mno kupuuzwa. Sehemu ya jibu imo katika chanzo. Huko Kilifi, asilimia 71 ya matukio yalitokana na maambukizi, hasa malaria, na uti wa mgongo ulikuwa miongoni mwa vyanzo vilivyoua zaidi. Mtoto huyo alikuwa na adui wawili kwa wakati mmoja: mshtuko, na ugonjwa ulioleta mshtuko.

Kuna pia njia ya kufika hospitalini. Katika sehemu nyingi za pwani, degedege la mtoto limehusishwa tangu zamani na nyuni, ndege au pepo anayempitia mtoto. Huko Bagamoyo watafiti walikuta katika miaka ya 1990 imani kwamba mtoto mwenye degedege akipigwa sindano atakufa. Tusiwahukumu wazazi hao kwa haraka. Aliyemwona mtoto wa jirani akichomwa sindano dakika za mwisho kisha akakata roho, ana sababu ya kuiogopa sindano. Lakini hofu hiyo imekula saa nyingi za thamani.

Somo chungu la mwaka 2000

Wala si kweli kwamba kuzima mshtuko ni sawa na kumwokoa mgonjwa. Mwaka 2000 Jane Crawley na wenzake wa Kilifi walitangaza matokeo ambayo hayakutarajiwa. Watoto 340 wenye malaria iliyopanda kichwani waligawanywa makundi mawili. Nusu yao walipewa sindano moja ya fenobarbitoni ili kuzuia degedege. Dawa ilifanya kazi yake, na mishtuko ikapungua sana. Lakini katika kundi hilo walikufa watoto 30, na katika kundi lisilopewa dawa hiyo walikufa 14.

Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliopewa fenobarbitoni pamoja na dozi tatu au zaidi za daiazepamu. Dawa hizi zote hupunguza nguvu ya kupumua, na mahali pasipo na mashine ya kusaidia pumzi, mtoto aliyetulia huenda anazimika. Tiba iliyo salama katika chumba cha wagonjwa mahututi cha Ulaya haihamishwi hivi hivi hadi wodi ya wilaya.

Hatua nyingine ilitoka Kampala mwaka huohuo wa 2008. Katika hospitali ya Mulago, watoto 330 walipewa ama daiazepamu kwa njia ya haja kubwa, ama midazolamu iliyowekwa kati ya shavu na ufizi. Tiba ilishindwa kwa asilimia 43 ya kundi la kwanza, na kwa asilimia 30 ya kundi la pili. Faida hiyo ilionekana hasa kwa watoto wasio na malaria. Dawa inayowekwa shavuni haihitaji sindano wala mshipa, na mzazi aliyeelekezwa vyema anaweza kuitoa nyumbani.

Mahenge, na dawa isiyokatika

Huenda kinga kubwa kuliko zote ni ile isiyo na sifa: kidonge cha kila siku. Mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianza kuwatibu wagonjwa wa kifafa huko Mahenge, Tanganyika, kwa vidonge vya bei nafuu. Wengi walikuwa watu waliotengwa hata na jamaa zao, kwa hofu kwamba kifafa huambukiza. Wagonjwa 164 walipofuatiliwa baada ya miaka 30, thuluthi mbili walikuwa wamefariki. Miongoni mwa sababu zilizojulikana kulikuwa na kuzama majini, kuungua moto, na mshtuko usiokatika.

Madaktari wanafahamu vyema kwamba kuacha dawa ghafla ni moja ya njia za hakika za kuileta hali hiyo. Duka la dawa linapokuwa tupu kwa wiki mbili, hasara yake hufika wodini.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila mishtuko wakipata tiba inayofaa. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana juu ya mpango wa utekelezaji utakaoendelea hadi mwaka 2031.

Msikilizaji, popote ulipo, iwe Muscat, Leicester au Mombasa, historia hii imetuachia mambo machache ya kushika. Mtu akianguka kifafa, tazama saa. Mlaze ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumwumiza, wala usimtie kijiko mdomoni. Dakika ya tano ikipita bila mshtuko kukatika, au ukirudi kabla hajazinduka, huo si wakati wa kusubiri tena. Mpeleke hospitali.