Terekeza: Mwendo wa Nyika Kame katika Njia ya Ujiji

Kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914, mtu aliyetaka kutoka pwani ya Bagamoyo hadi ukingo wa Ziwa Tanganyika alilazimika kutembea takriban kilomita 1,200, na sehemu kubwa ya mwendo huo ilipita katika nyika, yaani ardhi kavu ya vichaka na miti ya miombo, ambamo msafiri aliweza kutembea siku nzima au zaidi bila kukuta kijiji wala kisima. Wanahistoria wa njia hiyo wamezoea kuhesabu pembe za ndovu, vitambaa na watumwa waliopitishwa humo, na hesabu hiyo ni ya lazima. Hata hivyo, katika nyika yenyewe kilichoamua nani afike Ujiji hakikuwa mali wala bunduki, bali ujuzi wa maji, na wenye ujuzi huo walikuwa wapagazi.

Ujuzi huo ulikuwa na neno lake: terekeza. Katika siku ya kawaida msafara uliamshwa kungali giza, ukatembea wakati wa ubaridi wa asubuhi, na kupiga kambi penye maji kabla jua halijawa la utosi. Lakini pale ambapo umbali wa kutoka kisima hadi kisima ulizidi nguvu za asubuhi moja, kirangozi, yaani kiongozi aliyetangulia mbele ya safu yote, aligeuza utaratibu. Watu walibaki kisimani asubuhi, wakapika, wakanywa wakashiba na kujaza vibuyu, kisha wakaondoka adhuhuri, wakatembea hadi jioni, wakalala pasipo na maji, na alfajiri wakashika njia tena ili wakifikie kisima cha pili kabla ya joto kupanda. Mwendo huo wa alasiri ndio ulioitwa terekeza. Hekima yake ni kwamba umbali wa siku moja na nusu uligawanywa mara mbili, na muda mrefu wa kukaa bila maji ukaangukia usiku, wakati mwili haupotezi jasho jingi. Gharama yake ilikuwa kutembea katika saa kali kuliko zote, tena begani mkiwa na mzigo wa frasila mbili hivi (frasila moja ni kama kilo 16), na juu ya mzigo huo chungu, mkeka, posho na kibuyu cha mtu mwenyewe. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton, aliyefika Ujiji pamoja na John Speke mwezi Februari 1858, aliihesabu terekeza miongoni mwa mateso makubwa ya safari, ingawa yeye alikuwa akipandishwa punda au kubebwa kwa machela, na waliombeba walikuwa na kiu ileile.

Mahali palipoogopwa kuliko pote ni Mgunda Mkali, pori lililotenganisha Ugogo na Unyanyembe, ambako ndiko Tabora iliko leo. Jina lenyewe linasema ukali wa ardhi hiyo. Hata hivyo, wakati wa Burton, Wakimbu walikuwa wamekwisha kuanza kufyeka mashamba na kuweka makazi ndani yake, na kila makazi mapya yalikuwa na maana ya terekeza moja kupungua. Jambo hili halijasisitizwa vya kutosha katika vitabu: nyika ilifunguliwa kwanza na wakulima wenye majembe, kisha ndipo wasafiri wakapata sifa ya kuivuka.

Baada ya Unyanyembe, kuelekea magharibi, taabu iligeuka kulingana na majira. Wakati wa kiangazi msafara ulitafuta maji, na wakati wa masika maji yakawa ndiyo kizuizi, kwa kuwa mbuga, yaani mabonde mapana ya udongo mweusi, zilijaa tope lililofika magotini. Mto Malagarasi ulivukwa kwa mitumbwi midogo ya magome chini ya mamlaka ya watawala wa Uvinza, ambao walitoza ada ya kivuko. Wavinza hao pia walimiliki chemchemi za chumvi karibu na makutano ya Malagarasi na Ruchugi, na uchimbuaji wa wanaakiolojia umeonyesha kwamba chumvi ilichemshwa hapo zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Mzungu wa kwanza kupita. Punda hawakupakiwa mitumbwini bali waliogeleshwa, na mwaka 1871 mmoja wa punda wa mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alikamatwa na mamba mbele ya macho ya msafara.

Mbele ya Malagarasi, katika nchi ya Uha, kizuizi kilikuwa hongo, yaani ushuru wa vitambaa uliotolewa kwa kila mtawala ili njia ifunguliwe. Stanley, akiona vitambaa vyake vinakwisha, aliamua kuiacha njia kabisa: msafara uliondoka kambini usiku wa manane, kimya, ukapita porini nyuma ya kiongozi mwenyeji aliyelipwa kwa kazi hiyo, na siku chache baadaye, mwezi Novemba 1871, ukaingia Ujiji, ambako mmisionari David Livingstone, aliyekuwa akitafutwa na Stanley, alikuwa akiuguza mwili wake. Dunia imekumbuka salamu ya Stanley kwa Livingstone. Mtu aliyeujua upenyo wa porini usiku ule hakuandikwa kwa namna ya kukumbukwa.

Majaribio ya kuleta magurudumu yalishindwa moja baada ya jingine. Shirika la Wamisionari la London lilijaribu magari ya kukokotwa na ng'ombe kati ya 1876 na 1878, lakini mbung'o, inzi anayeambukiza mifugo ugonjwa wa nagana, waliwaua ng'ombe hao, na mizigo ikarudi mabegani mwa watu. Mwaka 1883 Edward Hore wa shirika hilo alifikisha Ujiji chombo cha chuma, Morning Star, kikiwa vipande vipande juu ya mikokoteni iliyokokotwa na wanaume. Mkewe, Annie, alipofuata, kiti chake chenye magurudumu kiligeuzwa machela mara njia ilipokuwa nyembamba. Motokaa ilikuja baadaye: Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam mwaka 1907 na kufika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, mwaka 1909, yaani karibu miaka miwili kwa safari ya kuvuka bara, mwendo ambao haungemshinda mpagazi yeyote.

Reli ndiyo iliyoimaliza terekeza. Iliiacha Ujiji kando na kwenda Kigoma, kwenye ghuba yenye kina, na ndiyo iliyobeba masanduku ya meli ya Graf von Götzen, ambayo baadaye iliitwa Liemba. Lakini njia ya miguu haistahili kukumbukwa kwa huruma tu. Humo walipita mateka wa Manyema waliofungwa minyororo, na humo humo walipita Wanyamwezi walioajiriwa kwa ujira, ambao kwao safari ya pwani ilikuwa kipimo cha utu uzima. Kuyachanganya makundi hayo mawili ni kuyadhulumu yote. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani, alifika Ujiji na Burton mwaka 1858, na Stanley mwaka 1871, na tena na Verney Lovett Cameron mwaka 1874. Hakuna Mzungu wa zama zake aliyeijua njia hiyo kama yeye.

Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hii katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, ikitaja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Vituo hivyo sita ni mahali pa biashara, utawala na misheni. Inafaa orodha ya mwisho iwe na walau kisima kimoja cha Mgunda Mkali, chenye kibao kinachoeleza maana ya terekeza.