Utumwa na Maneno Yake: Mafunzo ya Jinja na Mbale

Filamu za kumbukumbu zinazoeleza athari za utumwa kwa watu wa asili ya Afrika mara nyingi huanzia katika ngome za Afrika Magharibi, zikavuka Atlantiki, na kuishia Marekani, Brazil au visiwa vya Karibi. Huonyesha vizazi vilivyozaliwa huru lakini vingali vikibeba dharau waliyotwishwa mababu zao. Filamu hizo zafaa kuonyeshwa darasani. Hata hivyo, mwanafunzi wa Jinja au Mbale aweza kudhani kwamba utumwa ulikuwa msiba wa watu wa mbali. Sisi walimu wa Kiswahili hatuna budi kumwonyesha kwamba athari zake zipo hapa mashariki ya Uganda, na kwamba nyingine zimo katika lugha yenyewe tunayoifundisha.

Utumwa wa wenyeji ulikuwapo kabla ya wageni. Katika karne ya 19 majeshi ya Buganda yalikuwa yakivuka Nile kuishambulia Busoga na kurudi na mateka, hasa wanawake na watoto. Kisha biashara ya wageni ikaja kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ilitoka pwani. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilipitia Mumias, katika Kenya ya leo, ikafika kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba. Pembe za ndovu ndizo zilizotafutwa hasa, lakini watu nao walitekwa na kuuzwa. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, Semei Kakungulu alipojenga makao yake Mbale, mji ulikua upesi ukiwa soko lililowavuta wafanya biashara wa kutoka pwani. Kiswahili kikawa lugha ya soko hilo.

Njia ya pili ilitoka kaskazini. Muhammad Ali, mtawala wa Misri, aliivamia Sudan mwaka 1820, na moja ya nia zake ilikuwa kupata watumwa wa kuingiza jeshini. Vijana wengi wa Sudan ya kusini walitekwa, wakapewa bunduki, wakafunzwa Kiarabu na dini ya Kiislamu. Mabaki ya jeshi hilo, yaliyokuwa chini ya Emin Pasha na kisha Selim Bey, yalichukuliwa na Lugard mwaka 1891 ili yaitumikie kampuni ya Kiingereza katika Uganda. Hao, pamoja na maelfu ya wanawake na watoto waliofuatana nao, ndio chanzo cha Wanubi. Basi watu walioanza wakiwa mateka walifanywa chombo cha kuwatiisha wengine, na katika kaya zao wenyewe walikuwamo waliotekwa pia.

Mwaka 1897 askari hao waliasi. Walichoshwa na safari zisizokwisha, ujira mdogo uliocheleweshwa, na amri ya kutengana na jamaa zao. Waliishika ngome ya Lubwa, kando ya ziwa mashariki ya Jinja, wakawaua Meja Thruston na Waingereza wengine wawili. Wakazingirwa humo mpaka Januari 1898 walipotoroka. Vitabu vingi vimewaeleza kuwa wahaini tu. Sisi twaona yafaa kuuliza pia: mtu aliyepokezwa kutoka bwana mmoja hadi mwingine bila kuulizwa, alikuwa amemhaini nani?

Kiswahili nacho kilibeba sehemu ya sifa hiyo. Gavana Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba lugha hii ienezwe shuleni, Kabaka Daudi Chwa alipinga, na viongozi wa misheni wakapinga. Sababu kubwa zilikuwa za siasa na dini: hofu ya kuunganishwa na Kenya ya walowezi, hofu ya Luganda kupoteza nafasi yake, na hofu ya Uislamu. Lakini chini ya hofu hizo palikuwa na dharau ya kudumu, kwamba hii ni lugha ya wapagazi na askari, watu wasio na kwao. Idi Amin alipoitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, kumbukumbu ya bunduki ilizidi kuota mizizi. Hata baada ya Kiswahili kufanywa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, mashaka hayo hayakuondoka yote.

Tuyatazame sasa maneno. Mtumwa ni yule anayetumwa, asiye na safari yake mwenyewe. Muungwana alikuwa mtu huru, aliyezaliwa na watu huru. Leo uungwana ni adabu njema, kana kwamba mtumwa hakuweza kuwa na adabu. Mshenzi ndiye aliyekuwa mtu wa bara machoni pa watu wa pwani, yaani yule aliyeweza kutekwa. Twayatumia maneno haya kila siku, na twawakemea watoto wa Kigisu na wa Kisoga kwa neno lililowahi kuwatukana babu zao.

Hali kadhalika, twafundisha methali isemayo, “Mwacha asili ni mtumwa.” Maana yake ya kawaida ni njema, lakini historia hutudai tuongeze jambo. Mtumwa hakuacha asili, alinyang'anywa. Wanubi walionyang'anywa asili waliunda nyingine: lugha yao ya Kinubi, iliyojengwa juu ya Kiarabu, ususi wao wa vikapu na arusi zao. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 imewataja miongoni mwa jamii za wenyeji, baada ya muda mrefu wa kuitwa wageni.

Kwa hiyo twawahimiza walimu wenzetu wasiifiche historia hii kwa kuogopa kukiaibisha Kiswahili. Mwanafunzi akiisikia sokoni kwanza, ataipokea ikiwa tusi. Akiipata kwa mwalimu, atajua kwamba aibu ya utumwa ni ya aliyeteka na aliyeuza. Haimhusu aliyeuzwa, wala wajukuu wake, wala lugha waliyolazimika kuisema.