Leseni ya pombe Tarime na Serengeti: sheria imemtazama mnywaji, ikausahau mtungi

Mpaka ambao Wajerumani na Waingereza walikubaliana mwaka 1886 uliwagawa Wakurya, wenyeji wa Tarime na Serengeti, pande mbili, Tanzania na Kenya za leo, na mtungi wao pia. Kabla ya hapo pombe ya ulezi na mtama, iliyonywewa na wazee kwa mirija mirefu kwenye harusi, tohara na kazi za ujima, ilikuwa na masharti yake: nani apike, nani aanze kunywa, lini isinywewe. Serikali za kigeni zilileta masharti ya namna nyingine. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia vinywaji vikali kuuzwa kwa Waafrika katika eneo kubwa la bara hili, ule wa Saint-Germain wa 1919 ukazuia kuvikeneka, na hati ya udhamini wa Tanganyika ya 1922 ikaamuru uuzaji wake udhibitiwe vikali. Mzungu aliweza kununua chupa yake. Mwafrika aliachiwa pombe ya kienyeji, nayo chini ya jicho la bwana wilaya. Tangu mwanzo, basi, leseni iliuliza ni nani anayekunywa. Kilichomo ndani ya mtungi hakikuulizwa sana.

Uhuru uliondoa ubaguzi wa rangi, lakini sehemu kubwa ya mpangilio huo ilibaki. Sheria ya mwaka 1966 ilifanya utengenezaji wa gongo, ambayo kisheria huitwa moshi, kuwa kosa pasipo leseni. Miaka miwili baadaye ikaja Sheria ya Vileo, iliyozipa mamlaka za wilaya kazi ya kutoa leseni na kuiweka pombe ya kienyeji katika daraja lake peke yake. Kwa karatasi, njia ya kuhalalisha kinywaji kikali ilikuwapo. Mama anayekeneka gongo kijijini Tarime hakuiona kamwe. Alichokiona ni askari, ndoo zilizomwagwa na shtaka la kukutwa na moshi. Wakati huohuo, ndani ya Wilaya ya Serengeti, mtalii humiminiwa mvinyo wa Dodoma au wa Afrika Kusini katika hoteli yenye leseni, na hakuna anayeona ajabu. Sidai kwamba vinywaji hivyo viwili ni sawa kwa usalama. Nadai kwamba kimoja kimewekewa ngazi ya kupanda hadi kwenye kiwango, kingine kimewekewa ukuta.

Jirani zetu wamejaribu njia nyingine. Uganda, kwa Sheria ya Enguli ya miaka ya 1960, ilitaka wakenekaji wenye leseni wauze enguli yao, yaani gongo ya huko, kwa kiwanda, na hapo ikazaliwa Uganda Waragi. Kenya iliipiga marufuku chang'aa, gongo ya kwao, mwaka 1980, ikaifuta marufuku hiyo mwaka 2010 kwa sharti kwamba ipikwe kwa viwango na kufungashwa. Msomaji atasema: mbona mwezi Mei 2014 makumi ya Wakenya walikufa kwa pombe yenye methanoli? Ni pingamizi zito, na halipaswi kupuuzwa na mtu yeyote anayeishi karibu na mpaka wa Sirari. Lakini methanoli ile ni sumu ya viwandani iliyochanganywa kwa tamaa ya faida. Iliua kwa sababu hakuna aliyeipima kabla haijafika kwa mnywaji. Leseni isiyofuatwa na kipimo ni risiti ya ushuru tu, na hilo linaitia nguvu hoja yangu.

Pingamizi la pili ni la nyumbani zaidi: pombe huvunja ndoa, humaliza nafaka ya chakula, huchochea mapigano. Ni kweli, na ndiyo maana saa za vilabu zinastahili kusimamiwa, na ndiyo maana kuondolewa kwa viroba, vifuko vya pombe kali, tarehe 1 Machi 2017 kulipokelewa vizuri na wazazi wengi. Kiroba, hata hivyo, kilikuwa bidhaa ya kiwanda, na kiwanda kina mlango wa kugongwa. Mpikaji wa kificho hana. Marufuku ya tangu 1966 haikuimaliza gongo. Ilichofanya ni kuhakikisha kwamba anayeinywa hajui anakunywa nini.

Halmashauri za Tarime na Serengeti zisingoje serikali kuu Dodoma kwa kila jambo. Zianze na pombe za nafaka, ambazo tayari zina leseni: kabla ya kudai ada, afisa afya apime maji, vyombo na kimea, na wapikaji waunganishwe na SIDO, shirika la viwanda vidogo, na Shirika la Viwango kama wanavyounganishwa wasindikaji wa unga na asali. Sheria ya moshi nayo irudishwe bungeni, ili neno leseni lililomo ndani yake limfikie mwanamke anayepika.