Waislamu wa Shamu katika Mbuga za Ross

Katika jimbo la North Dakota, kaskazini mwa Marekani na karibu na mpaka wa Kanada, kipo kijiji kidogo kiitwacho Ross. Huko, mwanzoni mwa karne ya 20, walifika Waislamu kutoka nchi ya Shamu, wakaivunja ardhi ya mbuga na kupanda ngano na kitani. Wengi wao walitoka vijiji vya upande wa Rashaya, ambavyo leo vimo katika Lebanon, na zama hizo vilikuwa chini ya Dola ya Kituruki. Miongoni mwa waliotangulia alikuwa Hassan Juma; na msomaji wa kwetu akilisikia jina hilo atadhani ni la jirani yake.

Kilichowavuta ni sheria ya mwaka 1862, iliyomruhusu mtu aliyetimiza miaka 21, au mkuu wa jamaa, kuchukua ekari 160 za ardhi ya serikali kwa ada ndogo tu, mradi ajenge nyumba, alime, na akae hapo miaka mitano. Mwaka 1912 muda huo ulipunguzwa ukawa miaka mitatu. Ardhi hiyo, ni haki kusema, haikuwa bila wenyewe. Wenyeji wa asili walikuwa wamekwisha kusukumwa katika maeneo waliyotengewa kabla plau ya kwanza haijafika.

Ilikuwako ila moja iliyowatia hofu Washamu. Hati ya shamba hakupewa ila raia. Na uraia, kwa sheria ya mwaka 1790, uliwekewa watu weupe, hata mwaka 1870 wakaongezwa watu wa asili ya Afrika. Mtu wa Shamu je, ni wa fungu gani? Baadhi ya mahakimu walimkataa kabisa. Shaka hiyo haikuondoka mpaka mwaka 1915, mahakama ya rufani ilipotoa hukumu katika kesi ya George Dow, Mshamu Mkristo aliyekaa South Carolina, kwamba watu wa Shamu wanastahili uraia. Basi zingatia hali ya mkulima aliyekwisha kutoa jasho lake juu ya ekari 160, naye hajui kama mahakama itamhesabu kuwa mtu wa kupewa hati.

Wengi hawakuwa na mtaji wa farasi wala wa plau. Walianza kwa uchuuzi: mzigo mgongoni, sindano na nyuzi na vitambaa, nyumba hata nyumba, hata wakapata akiba ya kuanzia shamba.

Watoto waliozaliwa katika mashamba hayo ndio waliokuja kuwa mababu, na waliyoyaona utotoni yaliwatosha kusimulia umri mzima. Kazi ya mtoto ilikuwa mawe. Barafu kuu ya zama za kale iliacha mawe mengi ndani ya udongo wa nchi ile, na kila baridi ya mwaka huyasukuma mengine juu. Kwa hiyo shamba lililosafishwa mwaka huu, mwakani lina mawe tena. Watoto waliyaokota, wakayapakia juu ya mbao za kukokotwa na farasi, wakayarundika mpakani. Wakati wa baridi theluji ilifunika njia, na moto ulikuwa wa makaa ya mawe yachimbwayo katika jimbo lile lile. Nyumba ziliachana sana, kwa kuwa ekari 160 ni mraba wa nusu maili kila upande, na jirani aliyefuata huenda akawa Mnorwe asiyejua neno la Kiarabu.

Mwezi wa Ramadhani ulikuwa mtihani wa pekee. Tangu mwaka 1911 hata 1914 ulianguka wakati wa mavuno ya ngano, na mwaka 1917 ulianza pamoja na siku ndefu kupita zote za mwaka, ambapo huko tangu macheo hata machweo ni saa 16 na zaidi, bila kuhesabu alfajiri. Ngano iliyoiva haimngoji mfungaji. Katika miaka ya 1930 serikali ilituma waandishi kuwahoji wakulima wa jimbo, na Waislamu wa Ross wakaeleza kwamba kabla ya kuwa na msikiti walisali majumbani, wakipokezana, na kwamba baada ya mwezi wa saumu kila jamaa iliwatembelea wenzao na karamu zilikuwa nyingi.

Msikiti wenyewe ulijengwa mwaka 1929. Ulikuwa jengo dogo, nusu yake imezama ardhini, lenye jiko la makaa la kutia joto. Haukuwa wa kwanza Marekani, kama isemwavyo mara nyingine, kwani Highland Park, Michigan, ulijengwa mmoja mwaka 1921. Lakini ulitangulia ule wa Cedar Rapids wa mwaka 1934, ambao ungali umesimama.

Hapo ndipo penye huzuni ya habari hii. Watu wetu wa pwani wakihamia mahali hujenga msikiti upesi, na kando yake chuo cha watoto. Ross msikiti ulikuja karibu miaka thelathini baada ya plau, na mwalimu wa kukaa nao daima hawakumpata. Aliyejua zaidi ndiye aliyeongoza sala. Watoto walisoma Kiingereza shuleni, wakaoa na kuolewa na majirani Wakristo. Kisha ukame na ufukara wa miaka ya 1930 ukawafukuza wengi mashambani. Si haki kuwalaumu wazee wale: mtu anayepigania hati ya shamba na chakula cha farasi hana fedha ya kumwita mwalimu kutoka ng'ambo. Hata hivyo mwalimu ndiye aliyekosekana, wala si imani ya wazazi.

Msikiti ulibaki bila watu wa kusali, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ukabomolewa. Mwaka 2005 jamaa wa wale wakulima walijenga mwingine mdogo, wenye kuba, pale pale karibu na makaburi. Lango la makaburi hayo lina alama ya mwezi na nyota, na ndani wamezikwa watu wenye jina la kwanza la Kizungu na jina la ukoo la Omar, au la Juma.