MGA na difu ya MGB: kubadilisha uwiano wa ekseli ya nyuma

MGA ni gari dogo la viti viwili lililoundwa na MG mjini Abingdon, Uingereza, kati ya mwaka 1955 na 1962. Yalitoka zaidi ya magari 100,000, na mengi mno yalipelekwa nje ya Uingereza, hasa Marekani. Mpaka leo yapo yanayotembea, na wenyewe huulizana swali lile lile kila waingiapo barabara kuu: mbona injini inalia namna hii?

Jawabu liko nyuma, ndani ya difu.

Uwiano ni nini

Ndani ya difu mna pinioni, gia ndogo inayozungushwa na propela, na krauni, gia kubwa inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Gawa meno ya krauni kwa meno ya pinioni, utapata uwiano. Wauza spea wetu wanalijua hili vyema. Ukitaka difu watakuuliza ni ya meno mangapi.

MGA za mwanzo, 1500 na 1600, zina meno 10 kwa 43, yaani 4.3. Propela huzunguka mara 4.3 ili gurudumu lizunguke mara moja. MGA 1600 Mk II ilikuja na 10 kwa 41, yaani 4.1. MGB, iliyoanza 1962, ina 11 kwa 43, yaani 3.909.

Gari lilipotoka 1955, Uingereza haikuwa na hata barabara moja ya mwendokasi. Sehemu ya kwanza ya M1 ilifunguliwa 1959. Injini ilikuwa ya sisi 1,489 tu, na 4.3 iliisaidia kupanda vilima na kuondoka upesi. Kwa barabara za wakati ule, wahandisi hawakukosea.

Faida yake kwa hesabu

Kwa 4.3, gia ya nne huipa MGA kama kilomita 27 kwa saa kwa kila mizunguko 1,000 ya injini. Kwa 3.909 hupata kama 30. Ukienda kilomita 100 kwa saa, injini iliyokuwa ikizunguka kama mara 3,650 kwa dakika itashuka hadi kama 3,320. Ni punguzo la asilimia 9. Kwa safari ya saa tatu, masikio na injini vyote vitashukuru.

Hasara nayo ipo. Difu hurefusha gia zote, si ya nne peke yake. Gia ya kwanza ya MGA ni 3.64, ukiizidisha kwa 4.3 unapata 15.65, na kwa 3.909 unapata 14.2. Kuondoka kwenye mwinuko kutaitaka klachi ifanye kazi zaidi, na kurudi nyuma kilimani vivyo hivyo. Injini iliyochoka itazidi kuchoka. Anayeishi milimani, au ambaye injini yake haijatengenezwa, namshauri aache kama ilivyo. Wa mashindano ya vilima huenda kinyume kabisa, wakatia 4.55.

Difu ipi inaingia

MGA ina ekseli ya aina ya banjo, iliyoitwa hivyo kwa umbo la ala ile ya muziki. Difu yake hutoka mbele ikiwa kipande kimoja. MGB za wazi hadi 1967 zilitumia banjo pia, na difu yake hukaa katika ekseli ya MGA. MGB za baadaye, na zile za GT tangu 1965, zina ekseli ya Salisbury, ambayo difu yake haitoki hivyo. Usiinunue kwa kazi hii hata ukiuziwa rahisi.

Kuna mtego mmoja. Ncha za hafu shafti za MGA nyingi zina mifereji 10, za MGB zina 25. Hesabu kwanza. Zisipolingana, gia ndogo za ndani za MGA huhamishiwa kwenye difu ya MGB ili zipokee shafti zako. Linganisha pia flanji ya propela na matundu ya boliti zake.

Kuhakikisha uliyonayo

Gari la miaka sitini limepita mikono mingi, usiamini kitabu peke yake. Zuia magurudumu ya mbele, weka gia huru, inua gurudumu moja la nyuma na uliegemeze kwenye stendi, jingine libaki chini. Tia alama ya chaki kwenye propela. Zungusha gurudumu lililo juu mara mbili kamili, mwenzako ahesabu mizunguko ya propela. Ikiwa 4 na robo hivi au zaidi kidogo, ni 4.3, ikiwa karibu na 4 lakini haifiki, ni 3.909.

Kazi yenyewe

Gari hukaa juu ya stendi imara, kamwe si jeki peke yake. Mwaga oili, fungua propela, toa ngoma za breki, kisha vuta hafu shafti zote mbili. Ndipo hufunguliwa nati zinazoizunguka difu. Ni nzito, muwe wawili. Rudisha kwa gasketi mpya na oili ya difu ya EP 90.

Difu nzima iliyo salama hupachikwa ilivyo. Lakini ukibadilisha krauni na pinioni peke yake, lazima ziwe jozi moja, na nafasi baina ya meno ipimwe na kurekebishwa kwa shimu. Hiyo si kazi ya kukisia. Ikikosewa, difu hulia siku ya kwanza na kuvunjika meno baadaye.

Usisahau spidomita

Spidomita ya MGA husoma kutoka giaboksi. Difu ikibadilika, mshale hudanganya: ukienda kilomita 100 kwa saa, utakuonyesha kama 91. Huo ni uwongo wa hatari, maana dereva hujiona mpole kumbe amepita kiwango cha sheria. Ipelekwe kwa fundi wa spidomita, na kabla ya hapo ilinganishe na simu yenye GPS.

Wapo wanaopendelea giaboksi ya gia tano, kama ya Ford Sierra. Hiyo huacha gia ya kwanza karibu na ilivyokuwa na kutuliza mwendo wa juu, ila gharama na kazi ni zaidi.

Difu ya zamani usiitupe. Ipake mafuta, uihifadhi na gari, na uandike kwenye daftari uwiano mpya na tarehe. Mali bila daftari huisha bila habari, na atakayenunua gari hilo baada yako ana haki ya kujua alichonacho chini.