Mlima Uliosemwa ni wa Chumvi

Hapa kwetu Karavia barafu tunayoijua ni ya mvua ya mawe, nayo huyeyuka kabla mtoto hajaiokota. Lakini katika Kongo yetu hii hii, mpakani na Uganda, karibu kabisa na Ikweta, iko milima yenye barafu mwaka mzima, kama nchi za ncha ya dunia. Jina lake Ruwenzori.

Tangu karne ya 2 Ptolemaio wa Iskandria aliandika habari za Milima ya Mwezi, inayoupa mto Nili maji yake. Wazungu wakaitafuta. Mwaka 1876 Stanley alipita karibu nayo asione theluji, maana mawingu huifunika siku nyingi. Hata tarehe 24 Mei 1888, kijana mmoja akamwonyesha mlima uliosemwa kuwa umefunikwa na chumvi. Stanley akatazama vizuri, akajua kwamba ni theluji.

Mwaka 1889 akamtuma Luteni Stairs kuupanda. Stairs alipita mita 3,200, kisha akarudi. Ndiye Stairs yule yule aliyekuja kwetu Katanga mwaka 1891, na mfalme Msiri akauawa na watu wa msafara wake karibu na Bunkeya. Mwaka 1906 Luigi wa Abruzzi, wa jamaa ya kifalme ya Italia, alifika kileleni, mita 5,109. Wachukuzi wa Kikonjo walikuwa wamebeba mizigo yake njiani. Kilele akakipa jina la malkia Margherita, na mlima akauita Stanley.

Je, nani aligundua milima hiyo? Wakonjo na Wanande wamekaa chini yake tangu zamani. Theluji waliijua, wakasema Kitasamba anakaa humo. Na yule kijana aliyenyosha kidole, jina lake haliko katika ramani.

Tena, barafu yenyewe inakwisha. Mwaka 1906 ilienea kilometa mraba 6 na nusu hivi. Mwaka 2003 haikufika kilometa mraba 1, kwa kuwa hali ya hewa inabadilika.

Basi, walimu, mnapofundisha ramani ya Kongo, wasomesheni watoto jina la Stanley na la Margherita. Lakini msiache kuwasimulia habari za yule kijana. Siku moja pengine majina yatabaki katika karatasi, na kileleni hapatakuwa na cheupe cha kuonyeshwa kwa kidole.